Mpesheni wa Jikoni

Barani, Malindi
10 Agosti 1986

Mwanangu Jumwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, maana nasikia huko Australia miezi hii ndiyo ya baridi. Mimi naamka na kulala, nashukuru. Goti la kushoto linanisumbua nikiinama, lakini si la kukutia wasiwasi.

Najua muda umepita. Barua yako ilinifikia Septemba mwaka jana na sikuijibu. Si kwamba sikukaa na kalamu. Nilikaa. Naandika tarehe, naandika jina lako, halafu nasikia kuku wanapekua majivu jikoni, nainuka kwenda kuwafukuza, na nikirudi neno limeshaondoka.

Leo mama yako Sidi ametimiza mwaka. Nimekwenda kung'oa majani kaburini, nikakaa kidogo. Niliporudi nikateleka chai, nikapanga vikombe kwenye sinia. Nilipotazama niliona nimepanga vitatu. Nikarudisha viwili kabatini.

Nakuandikia kwa sababu ya mpesheni wake. Unaukumbuka, ule ulioegemea ua upande wa barabara, aliokuwa akiusemesha asubuhi kama mtu. Siku ulipoondoka kwenda kupanda ndege alikutilia chupa ya maji ya pesheni ndani ya begi, ikavunjika kabla hatujafika Kilifi, na ukasafiri na nguo zinanuka pesheni. Baada ya msiba nilipanda mingine kumi na miwili kuzunguka ua wote, ili popote nitakapogeuka niuone. Imeota yote. Sasa ni miezi mitatu inatoa maua, na ua likifunguka mchana, kesho yake limelala, keshokutwa liko chini. Tunda sijaona hata moja. Bwana shamba aliniambia nitie samadi, nikatia. Mke wa Thoya, jirani yetu, anasema nimetupiwa jicho. Wewe umesomea mambo ya maua. Niambie nimekosea wapi. Nataka nione pesheni moja tu ya mti wake kabla macho hayajaniishia.

Mama yako mdogo, Mapenzi, hayupo. Yuko Mariakani kwa kaka yake Dzombo, anapumzika.

Nasimama hapa.

Baba yako,
Gona


Australia
1 Septemba 1986

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Goti lako vipi? Ulikande na maji ya moto yenye chumvi, usilipuuze. Mimi afya ninayo.

Nilipouona mwandiko wako kwenye bahasha nilikaa chini pale pale kwenye ngazi za posta. Mwaka mzima nilikuwa nikienda kutazama sanduku kila Ijumaa, nikirudi na karatasi za matangazo. Nilidhani umeamua kutoniandikia tena. Chumba changu kina dirisha moja linalotazama ukuta. Jumapili naweza kulala na kuamka bila kusema neno na mtu, na Jumatatu nikifika kazini sauti inatoka kama ya mgonjwa.

Sasa kuhusu mpesheni. Baba, umeniuliza jambo ambalo ndilo ninalolifanyia kazi kila siku. Nilicheka peke yangu, kisha nikalia kidogo.

Kuna mimea isiyokubali kuzaa na nafsi yake. Ule unga wa manjano wa ua ukiangukia kichwa cha ua la mti ule ule, ua huujua. Unga huanza kuota kushuka shingoni mwa ua kwenda kwenye mbegu, na katikati ya njia ua huuzuia, ukafa. Lakini unga ukitoka kwa mti mwingine, hupita. Mpesheni wa manjano wa kwetu ndivyo ulivyo. Sisi huku tunatumia aina ya tumbaku yenye maua meupe, nayo ina tabia hiyo hiyo. Ndani ya kila mmea kuna maandishi madogo sana uliyorithi kwa wazazi wake, yanaitwa jeni, na moja katika hayo ndiyo alama ambayo ua hutumia kujua huyu ni mimi, huyu si mimi. Wenzetu wa mahali pengine wameshaipata alama ya aina moja ya tumbaku. Sisi tunatafuta ndugu yake. Tukiipata tunaitia ndani ya vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo vikizaana vinatutolea nakala zake kwa mamilioni, ili tuisome herufi kwa herufi.

Kazi yangu ni kukata shingo za maua kwa koleo ndogo. Nimekata maelfu. Vidole vyangu vinanuka tumbaku, mimi ambaye sijavuta hata siku moja.

Fanya hivi. Kwenye saa nane mchana, maua yakiwa wazi, chukua unga wa mti mmoja kwa kidole, upake kwenye vile vichwa vitatu vya ua la mti mwingine. Funga uzi ili ulijue. Nyuki weusi wakubwa wanaotoboa nguzo ndio wafanyao kazi hiyo, labda wamehama.

Kuhusu Mapenzi kuwa Mariakani, sina la kuongeza. Nilikwisha sema.

Mwanao,
Jumwa


Barani, Malindi
5 Oktoba 1986

Mwanangu Jumwa,

Salamu zako nimezipata na nimezirudisha zote kwako, pamoja na za Kalama binamu yako na za nyumba ya Thoya. Maji ya chumvi yamesaidia. Nauliza kama unakula vizuri, maana hukusema.

Nimefanya kama ulivyoniagiza. Nilifumua nyuzi nyekundu za ile leso ya mama yako iliyochanika pembeni, nikafunga maua arobaini na moja kwa siku tisa. Kila saa nane nilikuwa pale na kigoda changu. Mke wa Thoya alikuja uani akasimama, mikono kiunoni.

"Mzee Gona, sasa unabembeleza maua?"

"Nayaoza," nikamwambia.

"Basi utuite harusini."

Alirudi siku ya pili na shoga yake ili naye aje anione. Sikukasirika. Ilikuwa mara ya kwanza watu kucheka katika ua huu tangu mwaka jana.

Maua yote arobaini na moja yameanguka. Nimeokota nyuzi na nimezitia kwenye mkebe wa sindano.

Nyuki hawajahama, wamo. Nguzo ya mlango wa jikoni wameitoboa mashimo manne, mchana kutwa wanavuma. Kwa hiyo kosa si lao.

Labda jambo moja sikukueleza. Hiyo mipesheni kumi na miwili sikuipanda kwa mbegu. Nilikata vipande kwenye shina la mama yako. Sikutaka mti mwingine wowote kwenye ua huu, nilitaka wake tu. Lakini kila kimoja nimekipanda katika shimo lake, na kila kimoja kina mizizi yake na kinasimama peke yake. Hiyo si miti kumi na mitatu?

Nijibu upesi kama unaweza. Jioni zimekuwa ndefu.

Baba yako,
Gona


Australia
27 Oktoba 1986

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakula, baba. Nakula mkate sana na maharage ya mkebe. Sima nilipika mara moja kwa unga nilioupata duka la Wahindi, ikawa kama uji uliokosa bahati.

Sasa naelewa. Pole baba, hiyo si miti kumi na mitatu. Ni mti mmoja umesimama mahali kumi na tatu. Ukikata kipande cha shina ukakipanda, kile kinachoota ni yule yule, na ile alama ya kujitambua ni ile ile. Ungeweza kupanda kutoka Barani mpaka Mariakani, yote yangetoa maua na yote yangekataana.

Kuna kitu kimoja hapa kinanishangaza kila siku. Ua likiwa bado changa, limejifunga, ukilifungua kwa koleo na kulitilia unga wake lenyewe, huukubali. Halijajua bado kukataa. Siku mbili tatu baadaye, likikomaa, linakuwa limeshajua, na haliwezi tena kusahau. Ndiyo njia yetu ya kuitafuta jeni: tunatazama kilichomo katika ua pevu ambacho hakimo katika ua changa.

Lakini baba, nimekaa na barua yako siku tatu, na kuna jambo halinipi raha. Mti wa mama ulikuwa ukizaa. Nilipokuwa darasa la sita tulikuwa tukiokota pesheni mpaka tunawagawia watu wa msikitini. Nyuki walikuwa wale wale, ua ule ule. Basi unga ulikuwa ukitoka kwa mti gani?

Nikaukumbuka ule uliopanda juu ya paa la jikoni. Ule wa Mapenzi. Alikuja nao kutoka kwao alipoolewa nyumbani kwetu, ndani ya kopo. Mama alikuwa akimtania kwamba ameleta mahari yake mwenyewe.

Uko wapi mti ule?

Mwanao,
Jumwa


Barani, Malindi
30 Novemba 1986

Jumwa mwanangu,

Nakusalimu. Usiniulize afya katika barua hii, niache niandike kabla kuku hawajaniita.

Mti wa jikoni niliukata mimi. Kwa panga, mwezi wa Oktoba mwaka jana, wiki mbili baada ya mama yako mdogo kuondoka. Niliung'oa na mizizi, nikauchoma. Nilijiambia unamnyima mama yako jua.

Na yeye hakwenda Mariakani kupumzika. Nilikudanganya. Alikwenda kwa sababu ya barua yako.

Unajua desturi yetu. Barua yako ikifika haifunguliwi na mtu peke yake. Tulikuwa tukikaa uani, mimi napasua bahasha, nasoma kwa sauti tangu tarehe mpaka jina lako. Mama yako na mama yako mdogo hawakujua kusoma, lakini walizijibu barua zako. Nikisema "Shikamoo," wote wawili walisema "Marahaba," kana kwamba umesimama mlangoni. Nikisema hamjambo, walisema hatujambo. Ndivyo ilivyokuwa tangu ulipokuwa shule ya bweni.

Siku ile ya Septemba tulikaa hivyo hivyo, nafasi moja ikiwa tupu. Kalama alikuwepo, na mke wa Thoya. Mapenzi alikuwa akipukusa mahindi ndani ya ungo. Nikasoma "Shikamoo," akajibu marahaba peke yake. Nikaendelea. Halafu macho yangu yakaona mstari unaokuja, lakini mdomo ulikuwa umeshazoea kwenda. Nikasoma ulipoandika kwamba Mapenzi alimwacha mama yako kitandani akaenda zake sokoni Muyeye, kwamba alikuwa akiingoja nafasi ile miaka kumi na minane, na kwamba hutamwita mama tena. Nikasoma mpaka mwisho. Nikasoma mpaka jina lako.

"Imeisha?" akaniuliza.

"Imeisha."

Akamaliza gunzi lililokuwa mkononi. Akalitia kwenye rundo. Asubuhi alikuwa amejifunga leso, ana kikapu kimoja. Kwenye mlango wa ua akanigeukia. "Baba Jumwa," akasema, "wewe ulikuwa unajua." Alingoja kidogo, kisha akaenda.

Sasa sikiliza nilichokuwa nakijua.

Mama yako alianza kuumwa Jumatano. Alikataza nisiitwe kutoka Kilifi, wakati ule nikiwa bado kazini, akasema nitaacha zamu kiwandani kwa homa tu. Mapenzi hakumsikiliza. Alhamisi alimtuma mtu akanikuta pale kiwandani, mikono yangu myeusi kwa mafuta ya maganda ya korosho. Nikamwambia mwambie nitakuja Jumamosi kama kawaida yangu. Ijumaa Mapenzi alikwenda Muyeye, kweli. Kalama alimwona, na alikuandikia alichokiona. Hakuona kwamba alikuwa akienda mlango kwa mlango kutafuta mwenye gari. Alipata pikapu ya muuza ndizi. Akapanda nyuma na mama yako, kichwa amekilaza mapajani mwake, mpaka hospitali. Jumamosi asubuhi mama yako alifariki. Mimi nilifika adhuhuri, na mkate mikononi.

Barua yako ilipofika nilikuwa na mwezi mzima nikiogopa utaniuliza nilikuwa wapi. Hukuniuliza. Ulimlaumu yeye, na mimi nikakuacha. Hiyo ndiyo sababu sikukujibu mwaka mzima. Si kuku.

Kama unataka kumkasirikia mtu, anwani yangu unayo.

Baba yako,
Gona


Barani, Malindi
18 Januari 1987

Mwanangu,

Natumai u salama. Hapa ni jua na upepo, mchanga unaingia mpaka kwenye chumvi.

Nimekwenda posta Jumatatu na Alhamisi, wiki ya saba sasa. Krismasi nilikula kwa Thoya. Walinipa paja la kuku, nikalila, nikawashukuru, nikarudi mapema.

Huenda barua yangu ya Novemba ilipotea njiani. Kama ilipotea, nitaiandika tena. Kama haikupotea, basi sina haraka.

Mipesheni imetoa maua mengi mwezi huu kuliko miezi yote. Ukiwa mbali ungesema ua wote umepata harusi.

Baba yako


Australia
20 Januari 1987

Baba,

Shikamoo. Barua yako haikupotea. Iko hapa, imeshaanza kuchanika kwenye mikunjo.

Nimeanza kukuandikia mara nyingi. Ya kwanza ilikuwa na hasira na wewe, nikaitupa. Ya pili ilikuwa na hasira na Kalama, nikaitupa. Ya tatu nikagundua kwamba hakuna mtu aliyenishika mkono kuandika ile ya Septemba. Niliiandika kwa wino mzuri na nikaisoma mara mbili kabla ya kuifunga. Kwa hiyo baba, sitakukasirikia peke yako. Ulikuwa kazini Kilifi. Mimi nilikuwa huku nakata maua. Aliyekuwepo ni yeye.

Wiki iliyopita tuliipata. Nilikuwa ndani ya chumba cha giza na ile filamu kama wanayopigia mifupa hospitali. Tunalaza makundi ya vijidudu juu ya karatasi, na mahali penye ile jeni panatoa doa jeusi. Nilishika filamu juu ya taa nikaona madoa matatu, madogo kama punje za mtama. Mwalimu wetu alipiga makofi. Wenzangu walinikumbatia. Na mimi nikawaza juu ya paa la jikoni. Miaka minne nimesoma jinsi ua linavyomkataa wake na kumhitaji mwingine, na sikuwahi kujiuliza pesheni nilizokula zilitoka wapi. Kila moja mama aliyonitilia sandukuni nilipokwenda shule, ndani yake kulikuwa na unga wa mti wa mama mdogo. Mbegu zote nilizozitema uani zilikuwa zao wawili.

Uliniuliza mwanzo kama ulikosea. Huku tunaweza kulidanganya ua changa likazaa lenyewe, na labda hata mpesheni ungekubali. Sitakufundisha. Nakuomba badala yake uende Mariakani.

Nimekuwekea karatasi nyingine ndani ya hii. Uisome kwa sauti, mbele yake na mbele ya watu wa kwao, tangu tarehe mpaka jina langu. Usiruke mstari. Ile ya kwanza hukuiruka.

Mwanao,
Jumwa

—

Australia
20 Januari 1987

Mama mdogo,

Shikamoo mama.

Mimi ni Jumwa. Mwaka ule wa mafuriko, daraja la miti lilipochukuliwa na maji, ulinibeba mabegani mpaka shuleni siku tano, na mabuku yangu umeyafunga kichwani kwa leso. Mama hakuweza kwa sababu ya mgongo wake. Nilikuwa na miaka minane na nilikuwa mzito. Hukuniambia kwamba nilikuwa mzito.

Niliandika uongo juu yako na uongo huo ulisomwa mbele yako. Sikuuliza. Ulimtafutia mama yangu gari, ukamshika kichwa, na mimi nikakuambia kwamba hukumtaka. Naomba unisamehe. Kama huwezi, nitajua kwamba ni haki yako, lakini nitaendelea kukuita mama katika kila barua, ujibu usijibu.

Baba amekata mti wako. Naye atakuambia mwenyewe.

Mwanao,
Jumwa


Barani, Malindi
8 Machi 1987

Mwanangu Jumwa,

Salamu nyingi, na kwanza nikuambie kwamba nimefika salama na nimerudi salama.

Nilikwenda Mariakani Jumamosi. Nilivaa shati lile jeupe la harusi ya Kalama. Dzombo alikuwa ametoka zamu kwenye kiwanda cha maziwa, amekaa kibarazani na mkewe. Aliniona na bahasha mkononi.

"Shemeji," akasema, "umetuletea nyingine? Ile ya kwanza bado hatujaimaliza."

"Hii nimeagizwa niisome mbele yako," nikamwambia.

"Na usipoagizwa huji?"

Mapenzi alitoka jikoni akipangusa mikono. Amekonda kidogo. Alinisalimu kwa heshima, akaleta kigoda, akaenda kukaa mbali, karibu na mlango, na ungo wa kunde.

Nikasoma tarehe. Nikasoma, "Mama mdogo, Shikamoo mama." Nikangoja. Jumwa, nilingoja mpaka jasho likaniingia machoni. Hakujibu. Alikuwa akichambua kunde. Nikaendelea. Nilipofika pale pa mafuriko vidole vyake vilisimama. Nilipofika pale pa gari mke wa Dzombo alijifunika uso kwa leso. Nikasoma mpaka jina lako, nikakunja karatasi. Kisha nikasema langu, ambalo halikuandikwa. Nikasema mbele ya wote kwamba niliitwa Alhamisi nikasema Jumamosi. Kwamba nilijua na nikanyamaza. Kwamba mti niliukata bila kosa lake.

Dzombo alitazama barabarani malori yakipita.

Halafu Mapenzi akasema, "Alikuwa mzito kweli. Siku ya tatu shingo ilikataa kugeuka."

Nikaanza kuirudisha karatasi ndani ya bahasha.

"Rudia mwanzo," akasema.

"Mwanzo wapi?"

"Mwanzo, Baba Jumwa. Kwenye salamu."

Nikafungua karatasi tena. Nikaishika kwa mikono miwili. Nikasoma, "Shikamoo mama."

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu."

Hakurudi nami. Nilimwomba, akasema ana kunde zake hazijavunwa, na kwamba mtu haingii nyumba kwa kuwa barua imesomwa vizuri. Lakini alinipeleka nyuma ya jiko. Asubuhi ile alipoondoka kwangu na kikapu kimoja, chini ya nguo alikuwa ametia vipande viwili vya mti wake, amevizungushia kitambaa kibichi. Sasa kimoja kimefunika choo cha Dzombo na kimoja kimepanda mpapai. Akanikatia, akanitilia katika makopo mawili ya mafuta ya Kimbo, akaniambia, "Nenda na mti kwanza."

Nimeupanda pale pale jikoni. Naumwagilia kwa kikombe.

Baba yako,
Gona


Barani, Malindi
21 Februari 1988

Mwanangu Jumwa,

Tunakusalimu. Goti zima, kifua kizima. Barua yako ya mwaka mpya tumeipata.

Naandika "tu" kwa sababu mama yako mdogo alikuja mwanzo wa Desemba. Hakuja kukaa. Alikuja, kwa maneno yake, kutazama kama nimeufunga mti sawasawa. Alisema nimeufunga kama mbuzi. Akaufungua wote, akaupandisha upya juu ya paa, na kazi hiyo ilimchukua siku mbili. Siku ya tatu akasema atangoja aone ua la kwanza. Ua la kwanza lilipofunguka akasema atangoja aone kama litashika. Sasa anangoja yaive, kikapu chake bado kimesimama mlangoni hakijatolewa nguo zote. Simwulizi.

Nilitaka kupaka unga kwa kidole kama ulivyonifundisha. Akanifukuza. "Waachie wenyewe," akasema, na nyuki walikuwa wakitoka jikoni kwenda ua wa barabara na kurudi, migongo yao ya manjano kwa unga. Wamepaka mipesheni yote kumi na mitatu. Nimehesabu matunda mpaka sitini kisha nikaacha.

Jana la kwanza lilianguka lenyewe, chini ya mti wa mama yako, pale alipokuwa akisimama asubuhi kuusemesha. Nilipeleka kaburini nusu moja. Nusu ya pili tulikamua tukaizimua, ikatoa maji ya vikombe viwili tu, machachu kidogo kwa kuwa sukari nilisahau kununua. Nilikuwa nimepanga vikombe vitatu. Mapenzi alivitazama, hakuondoa hata kimoja. Akavimiminia vyote vitatu, kidogo kidogo.

Nikuambie na jambo la mwisho. Barua yako ya mwaka mpya ilipofika, nilikaa kigodani nikaipasua na nikaanza kuisoma kimya. Nilijiambia tangu sasa nitazisoma kwanza peke yangu, nijue kilichomo, ndipo nisome kwa sauti. Mama yako mdogo alikuwa akipukusa mahindi. Akaacha.

"Kwani ina nini?" akauliza.

"Sijui. Naitazama kwanza."

"Hujawahi kuitazama kwanza."

"Ndiyo sababu."

Akasogeza ungo pembeni, akajipangusa mikono kwa leso, akakaa sawa kama mtu anayengoja mgeni.

"Soma, Baba Jumwa. Tangu juu."

Basi nikarudi juu, nikasoma tarehe, na kabla sijamaliza salamu yako alikuwa ameshakujibu.

Sisi wazazi wako,
Baba, na mama yako mdogo